Maneno Aliyobeba Tusekile

Lufingo, Jumatatu, 16 Februari 1998

Nimechukua daftari ambalo mwanangu Tusekile hakulimaliza darasa la kwanza, kwa sababu leo nina jambo kifuani, na nikimwambia mtu yeyote hapa kijijini, kabla ya jioni litakuwa limefika Tukuyu mjini na kurudi. Daftari halina mdomo.

Mwalimu Jotham aliniita shuleni. Nilikwenda na matope ya shamba la chai hadi magotini, nikiwa na hakika mtoto amevunja dirisha. Kumbe sivyo. Kuna shule mpya ya bweni ya watawa, njia ya Iringa, inayofundisha kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Watawa hao wanatafuta mtoto mmoja wa wilaya yetu wamsomeshe bure mpaka amalize la saba: ada, chakula, sare, godoro, kila kitu. Awe na miaka tisa au kumi, awe mwepesi darasani, na nyumba yao iwe haina uwezo. "Kwa hilo la uwezo mmeshafaulu," Mwalimu akasema, akacheka peke yake. Mimi sikucheka. Halafu akasema katika darasa la tatu hana mwingine wa kumpeleka ila Tusekile wangu.

Mtihani ni Tukuyu, Jumamosi ya tarehe 25 Aprili. Jina alipeleke mara baada ya Pasaka. Sharti ni kwamba mimi nikubali, na kwa kuwa Asajile mume wangu ni marehemu, mkubwa wa ukoo wake naye akubali na aje mwenyewe siku ya mtihani. Watawa walishaungua. Mahali fulani walimpokea mtoto, na kabla ya muhula kwisha baba zake wadogo wakamfuata bwenini wakisema hawakuulizwa.

Mkubwa wa ukoo ni baba mkwe wangu. Nilimwomba Mwalimu ateremke kwake akamweleze. Akakataa kabisa. Safari iliyopita alimshawishi mzazi mmoja juu ya shule, akaishia kuambiwa anauza watoto. Tangu hapo haingii uani kwa mtu. "Mambo ya familia malizeni wenyewe," akasema.

Tutamalizaje? Mimi na mzee yule hatusemeshani.

17 Februari

Watawa wakiniuliza kwa nini sitembei tu mpaka kwa mzee, hapo chini kwenye migomba, nimwambie, nitawajibu hivi. Katika ukoo wa Asajile, mkamwana na baba mkwe hawaangaliani na hawapeani neno. Hakuna ugomvi, ni heshima. Nilipoolewa, shangazi zake walinifundisha kwamba nikikutana naye njiani niingie kwenye chai, nimpe mgongo na kujifunika kanga mpaka apite. Mchungaji ameshasema kanisani kwamba mambo hayo yamepitwa. Mzee, ambaye ni mzee wa kanisa, anaitikia amina, kisha akitoka nje anakohoa kutoka mbali ili nipate muda wa kujificha. Macho yake siyajui. Namjua kwa kikohozi, kwa fimbo na kwa mlio wa mabuti yake ya mvua.

Zamani mama mkwe ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Alipofariki, akawa Asajile. Sasa ni Tusekile. Akitoka shule anapitia kwa babu yake, anakula huko, wanataniana, anarudi na maziwa na habari. Babu anasema mbuzi wako amekula maharage. Mwambie babu mbuzi huyo ni wake. Namna hii tunaishi, na tunaishi vizuri kuliko majirani wengi wanaosemeshana kutwa.

Basi leo nimemkalisha mtoto chini, nikamweleza habari ya shule, nikamtuma kwa babu. Amerudi jioni amelowa. "Babu amesema amesikia. Atafikiri."

18 Februari

Mvua. Chai imechipua kwa fujo. Hakuna jibu.

22 Februari, Jumapili

Kanisani niliuona mgongo wa mzee, kiti cha mbele. Koti la kahawia, shingo imenyooka. Nikasali sala ya moja kwa moja: Mungu, mgeuze huyu mzee. Nadhani hata wimbo niliuimba kwa hasira.

25 Februari

"Babu amesema mtoto wa miaka tisa bado ananuka maziwa."

Hilo ndilo jibu, baada ya siku zote hizi. Tusekile alilisema akiwa amesimama mlangoni, kibuyu cha maziwa kifuani, uso mkavu. Nikamuuliza kama babu alisema jambo jingine. Akafikiri kidogo. "Amesema magimbi yameiva, uje uchimbe akiwa hayupo."

Nimemrudisha palepale na jibu: mwambie babu kuwa watoto wa wakubwa wanapelekwa bweni wakiwa wadogo kuliko wewe, na hawajafa. Akarudi haraka mno. Babu amesema atafikiri tena.

3 Machi

Barabara ya kwenda kituo cha kupimia chai imekatika, tumevuka na mizigo kichwani. Nimeangusha nusu ya majani yangu kwenye maji. Kila mtu anasema mvua ya mwaka huu si ya kawaida. Mlima Rungwe hatujauona tangu Januari, huenda umehama.

6 Machi

"Babu amesema watawa watamfanya mtoto asiolewe."

Nimecheka, halafu nikakasirika kwa sababu nimecheka. Mtoto naye alikuwa ananitazama sana usoni, kama mtu anayeonja mboga kujua kama chumvi imetosha.

Nilimuuliza: na wewe mwenyewe unataka? Akasema ni wakubwa wanaoamua. Jibu zuri la mtoto mwenye adabu. Nilimsifu.

13 Machi

Nitaandika haya mara moja tu.

Mwalimu aliniuliza tena leo, nami nimechoka kumwambia kwamba tunafikiri. Nikamtuma Tusekile na maneno yaliyopangwa vizuri. Nilimfundisha akayarudia: kwamba mimi sina mtoto mwingine, kwamba shamba la Asajile ni dogo na halitakua, kwamba kiwanda cha chai kimeshapata wenyewe wapya na kazi za vibarua zinapungua kila mwezi, kwamba kama kuna mlango umefunguliwa kwa mtoto huyu si haki sisi tukae tunaushikilia. Nilijisikia fahari nilipomsikia akiyarudia. Hakukosea hata neno.

Alikawia. Aliporudi hakuingia ndani. Alisimama chini ya paa, maji yanamdondokea mgongoni, akasema: "Babu amesema baba asingekubali."

Sikujua kwamba neno linaweza kumpiga mtu namna ile. Asajile! Asajile aliyekuwa akimbeba mtoto huyu begani, akimsomea magazeti yaliyofungiwa sukari! Mzee anamtoa mwanangu kwenye mtihani kwa kumtumia marehemu. Nikamwambia mtoto: rudi sasa hivi, kamwambie babu yako kwamba aliye kaburini asitumwe, na kwamba mimi ndiye niliyelala na Asajile hospitalini Igogwe mpaka siku ya mwisho, najua alichokuwa anakitaka.

Akanitazama. Akasema, "Mama, mvua." Nikamwambia nenda.

Akaenda. Akarudi, akasema babu amesema sawa. Sawa! Nimekaa jikoni mpaka moto umezimika. Namchukia mzee huyu, na chuki yenyewe ni ya ajabu, maana hata sura ya kuichukia sina.

14 Machi

Sikumtuma mtoto chini. Maziwa yameletwa na mtoto wa jirani. Mengi kuliko kawaida.

19 Machi

Viatu. Mzee ametoka kwenye mnada wa mitumba na viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga na kamba, vizima kabisa, amempa Tusekile. Tusekile anasema ni vya kanisani. Nilivigeuzageuza. Vimemzidi kidogo, vya kukulia. Kwangu hiyo ni hongo, anamnunua mtoto ili abaki. Nilitaka kuvirudisha, nikaona miguu ya mtoto, nikaviacha.

24 Machi

Mvua.

25 Machi

Mvua. Maharage yanaoza kwenye maganda. Tusekile amepungua mwili, au ni macho yangu.

31 Machi

Leo nilikutana na mzee ana kwa ana pale kwenye kona ya mikaratusi. Upepo ulikuwa unakula sauti, sikusikia kikohozi. Nikaona mabuti mbele yangu. Nikarukia kwenye chai kama kawaida, nikampa mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe sikujifunika kanga. Nilitaka ajue. Alisimama pale muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nikasikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema. Kisha mabuti yakaendelea kuteremka.

Nilipanda mbio mpaka nyumbani. Sijui ni kwa hasira au kwa aibu.

7 Aprili

Mwalimu anasema ataandika jina Jumatano baada ya Pasaka, tarehe 15. Asipopata jibu ataandika la mtoto wa Kisiba, nako kuna msichana mwepesi. Nimemwambia kaka yangu anaweza kuja badala ya mzee. Akasema kaka yako ni mjomba, si ukoo wa baba, mama Tusekile, unajua vizuri kuliko mimi.

Najua.

11 Aprili, Jumamosi

Ezron, shemeji yangu, mdogo wake Asajile, amerudi kutoka Kyela kwa Pasaka. Ananunua kakao kwa niaba ya tajiri mmoja, siku hizi kila mtu huko ni mnunuzi. Amenenepa. Nimemwambia nguo zake zinalia. Amesema mimi nimekonda kwa kukosa mume wa kunitania, nikamfukuza na mwiko. Ni mara ya kwanza nyumba hii kucheka tangu Februari.

13 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Leo niandike yote.

Ezron alipanda kutoka kwa mzee baada ya kula. Hakutania. Akakaa kwenye kigoda, akaniuliza: "Shemeji, mtoto amekukosea nini?"

Nikasema sielewi. Akasema mzee amemweleza kila kitu. Kwamba bahati imemwangukia Tusekile, kwamba tangu siku ya kwanza mzee alisema ndiyo, aende, na ameshanunua hata viatu vya shule, lakini mama yake amekataa katakata. Kwamba mama yake anasema hana mtu wa kumsaidia kuchuma chai. Kwamba mama yake anasema Kiingereza hakiliwi. Kwamba mzee alituma maneno ya kuomba, mara ngapi, na jibu la mwisho alilopewa lilikuwa kwamba asijihusishe, mtoto si wake. Mzee hakukasirika, Ezron akasema, ila hali chakula vizuri.

Nilihisi kama ardhi ya uani imeteremka na mvua. Nikamweleza Ezron niliyoambiwa mimi: maziwa, watawa, Asajile. Akanisikiliza mdomo wazi. Kisha wote wawili tukageuka kumtazama mtu mmoja, aliyekuwa amechuchumaa chini ya paa akimenya ndizi, kisu hakisogei.

Sikumpiga. Nilidhani nitampiga. Ezron alitoka akatuacha, ana akili kuliko mwili wake.

Nikamuuliza ni maneno gani babu aliyasema kweli. Akasema: "Babu alisema ndiyo." Na haya mengine? Akasema aliyatafuta mwenyewe. La kunuka maziwa alilisikia kwa mama mmoja sokoni. La watawa alilitunga njiani, alipoona nimecheka akaogopa kuwa halitoshi. La baba alililia njia nzima kabla ya kulisema. Na lile nililomtuma siku ile kwenye mvua, la kaburi, hakulifikisha hata kidogo. Alikaa kwenye migomba mpaka aone muda umetosha.

Nikamuuliza kwa nini. Unaogopa bweni? Unaogopa watawa? Akatikisa kichwa. Nikamwambia sema, sitakufanya kitu.

"Mimi nikienda, nani atawasemea?"

Sikumwelewa. Akaweka kisu chini, akanieleza polepole, kama mimi ndiye mtoto. Bibi alikufa, akaja baba. Baba alikufa, akaja yeye. Yeye akienda hakuna mtu. Babu akiugua usiku atamwambia nani? Mimi nikikosa chumvi, babu atajuaje? Tutakaa huku juu na kule chini, kila mtu na nyumba yake, mpaka mmoja afe na mwingine aambiwe na majirani. Ameshalifikiria kila siku tangu Februari. Miaka tisa, amebeba nyumba mbili kichwani, nami nilikuwa nampima kama amekonda!

Nilimkumbatia. Alikuwa mkavu kama ukuni, hakulia. Mimi nililia kwa wote wawili.

Baadaye, nikiwa peke yangu, nimeona jambo ambalo sikulitaka. Pale Ezron aliposema mzee alikubali tangu siku ya kwanza, kabla ya mshangao, kabla ya hasira, nilihisi hofu. Hofu tupu. Kwa sababu mwezi na zaidi nimekuwa jasiri, nimesema aende, aende, huku nikijua kuna mzee mahali fulani amezuia mlango. Sasa mlango uko wazi na mimi ndiye nimesimama mbele yake.

14 Aprili

Ezron alijitolea kwenda kusema kwa niaba yangu. Nikamwambia hapana. Tukitumia mdomo mwingine tena tutakuwa tumemthibitishia mtoto kwamba yuko sahihi.

Niliteremka asubuhi. Nilisimama nyuma ya rundo la kuni, mgongo umeelekea nyumba yake, kanga kichwani. Alikuwa anachonga mpini. Akaniona, bila shaka, maana kisu kilinyamaza. Akakohoa. Sikuondoka. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, akidhani sikumsikia. Masikini, alikuwa ananipa nafasi ya kukimbia.

Nikamwita baba kwa lugha ya kwetu: "Tata, nimesikia. Siondoki."

Kuku walipekua majani.

"Nani amekufa?" akauliza.

Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyotarajia. Nikasema hakuna aliyekufa. Tumedanganywa. Nikamweleza yote nikiutazama mgomba, kuanzia ndiyo yake iliyogeuzwa hapana, mpaka swali la mtoto. Nilipofika kwenye Kiingereza hakiliwi nikasikia sauti ya ajabu, nikadhani ameanguka. Alikuwa anacheka. Kisha kicheko kikabadilika, nikajua ni bora nisigeuke.

Ndipo akasema kitu ambacho sitakisahau. "Mama, nilipoambiwa umekataa, nilimshukuru Mungu. Mdomo wangu ulisema aende. Moyo ulikuwa unamshikilia."

Nikamwambia na mimi ni hivyohivyo. Watu wawili waliogombana karibu miezi miwili juu ya jambo ambalo wote walilitaka na wote walilikataa. Mvua ikaanza kwenye majani ya migomba. Nilitamani aseme mtoto abaki, ningemshika mkono kwa furaha, mila na ifuate baadaye. Nadhani yeye alitamani niseme mimi.

"Wewe ndiye uliyemzaa," akasema mwisho. "Mimi nimeshasema ndiyo mara moja, sitairudisha. Sema wewe."

Nilisimama pale mpaka kanga ikalowa. Niliwaza kitanda ninacholala na Tusekile, ubavu wake wa joto upande wa ukuta. Niliwaza shamba, mikono yangu ilivyopasuka, na yeye miaka kumi mbele akiwa amesimama mahali hapahapa, mgongo kwa mkwe wake, akimtuma mtoto wake.

"Ajaribu," nikasema.

"Ndaga, mama," akanishukuru. Akarudi kwenye mpini wake, nami nikapanda kilima.

15 Aprili

Jina limeandikwa. Mwalimu alitaka kunikumbatia, akakumbuka yeye ni mwalimu.

18 Aprili

Tusekile hasemi nasi. Anakula, anakwenda shule, anachota maji, anajibu ndiyo na hapana. Mwalimu anambakiza jioni kumfundisha maneno ya Kiingereza, anayashika yote, anayarudisha bila uso. Mwalimu ana wasiwasi. Anasema amewahi kuona mtoto mwenye akili akirudisha karatasi nyeupe kwa makusudi.

20 Aprili

Aibu yangu niiandike. Tangu ile siku ya migomba, mimi na mzee hatujasemeshana tena. Si kwamba tumekataa, hatujui pa kuanzia. Jana nilisikia kikohozi njiani na miguu yangu ikaingia kwenye chai yenyewe, kabla sijafikiri. Nikasimama huko nikijiuliza nimekuwaje. Yeye naye akapita akikohoa. Leo jioni maziwa yameletwa na Tusekile, na habari ya ndama, na mimi nikasema mwambie babu.

Mtoto akaweka kibuyu chini. "Mlisemeshana siku moja tu," akasema.

Nimekuwa nikimwambia tutaweza, tutaweza. Anaona kwa macho yake kwamba hatuwezi.

23 Aprili

Mvua usiku na mchana. Nimepiga pasi gauni lake kwa makaa, likanuka moshi, nikalifua tena. Halitakauka.

24 Aprili

Ezron amerudi Kyela. Alitaka abaki atusindikize, nikamwambia aende.

25 Aprili, Jumamosi

Tuliondoka alfajiri. Mzee mbele na mwavuli wake, Tusekile katikati na viatu vyeusi mkononi ili visilowe, mimi nyuma kabisa, mbali kama inavyotakiwa. Watu waliotuona waliona familia yenye adabu. Mimi nilikuwa naona mgongo mdogo ulio katikati, unavyotazama mbele, kisha nyuma, kisha mbele.

Mtihani ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa mjini. Watoto kutoka kila kata, wengine na soksi nyeupe. Mzee alikwenda kusimama mwisho wa baraza upande wa barabara, akageukia ukuta. Mimi nikabaki mwisho wa pili. Kati yetu wazazi wengine, wawili kati yao ni wa usharika wetu wa Lufingo, wanaotujua vizuri. Mtawa mmoja akauliza mkubwa wa ukoo wa Tusekile yuko wapi, mzee akainua fimbo bila kugeuka. Mtawa akaridhika.

Wakaanza kuita majina. Tusekile aliitwa. Alivaa viatu, akafunga kamba polepole sana, akaenda mpaka mlangoni, akasimama. Wenzake wakampita. Mtawa akamwita tena. Hakuingia. Aligeuka akanitazama, macho makavu kama yale ya siku ile ya ndizi.

"Babu hajala tangu jana," akasema. Hakupaza sauti, lakini baraza zima lilisikia. "Amesema nikwambie."

Akasubiri. Nilijua anasubiri nini, na nilijua kwamba nikisema kamwambie babu kuna magimbi kwenye kikapu, atakwenda, atamwambia, na kisha ataingia humo ndani na kurudisha karatasi nyeupe. Watu wa usharika walikuwa wananitazama. Mdomo wangu ulikuwa mzito kama una mawe.

"Tata," nikaita, juu ya vichwa vya watu wote wale. "Una njaa?"

Nikasikia mama mmoja wa usharika anavuta pumzi. Mgongo wa koti la kahawia haukusogea. Nikasema moyoni, mzee, usiniache peke yangu hapa.

"Nina njaa, mama," akajibu ukutani. "Umebeba nini?"

"Magimbi. Na maharage kidogo."

"Chumvi umetia?"

"Nimetia."

Nilipogeuka kutazama mlangoni, Tusekile hakuwepo. Mtawa alikuwa anafunga mlango.

Tulikula, yeye mwisho wake na mimi mwisho wangu, kikapu kilipitishwa mkono kwa mkono na wazazi waliokuwa katikati, ambao walianza kutabasamu. Akaniambia ndama ana minyoo. Nikamwambia dawa ipo duka la pembejeo. Akasema dawa za siku hizi za maduka binafsi haziaminiki. Nikasema basi afe. Akacheka. Hatukutazamana hata mara moja, na sidhani tutatazamana maisha haya, lakini maneno yalipita, nami nikajikuta nayangojea.

Walipotoka, Tusekile alikuwa wa mwisho. Mimi na mzee tulimuuliza kwa wakati mmoja, kutoka pande mbili, imekuwaje. Akasimama katikati ya baraza, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Semeni mmoja mmoja," akasema.

Nikamwachia mzee aulize. Mtoto akasema amejibu yote isipokuwa swali la treni, maana hajawahi kuona treni. Kisha akanijia, akanishika kanga, akauliza majibu yanatoka lini.

Tangu Februari hakuwahi kuuliza neno lolote juu ya shule ile. Nilimwambia ni mwezi wa sita. Akahesabu kwa vidole, akauliza kama kule Iringa kuna baridi kama kwetu. Nikamjibu kwamba ipo, nikamfunga sweta mpaka shingoni, na vidole vyangu havikutaka kuachia kifungo cha mwisho.

Anataka kwenda. Mzee alikuwa amesikia naye, maana kikohozi chake kilitoka vibaya.

"Mama," akaniita kutoka kule mwisho, bila mtu wa kumtuma. "Twende nyumbani, mvua inakuja tena."

"Nakuja, tata," nikasema.